Ukurasa wa Walimu: Mchezaji akianguka bila kuguswa

Mwezi huu tunaongea habari ya mpira, lakini siyo ya magoli.

Wengi mnakumbuka jioni ya tarehe 12 Juni 2021. Tulikuwa tumejazana kwenye banda la video kuangalia Denmark na Finland, kombe la Ulaya. Kipindi cha kwanza kilikuwa karibu kwisha. Christian Eriksen akaufuata mpira wa kurushwa, mara akaanguka. Hakuna aliyemgusa. Banda zima likanyamaza. Tuliwaona wenzake wakimzunguka ili watu wasimwangalie, na katikati yao waganga wanamkandamiza kifua.

Vijana wakatuuliza: "Mwalimu, mbona hajaguswa?" Wengine wakasema karogwa, wengine wakasema ni njaa.

Jamani, siyo uchawi. Moyo una umeme wake mdogo unaoufanya upige. Umeme huo ukivurugika, moyo unatetemeka tu, hausukumi damu. Mtu anazimia palepale, na dakika chache zikipita bila damu ubongo unaanza kufa. Mara nyingi chanzo ni ugonjwa uliojificha, hata kwa kijana mwenye nguvu.

Wakubwa wanamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Kameruni. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Ufaransa, alianguka dakika ya 72 wakicheza na Kolombia. Alifariki siku hiyohiyo, akiwa na miaka 28. Madaktari walimkuta na ugonjwa wa moyo.

Sasa sikilizeni habari ya Fabrice Muamba. Huyu ni mtoto wa Kinshasa. Baba yake alikimbilia Uingereza, naye akamfuata mwaka 1999 akiwa na miaka 11. Tarehe 17 Machi 2012 alikuwa anachezea Bolton dhidi ya Tottenham, London. Akaanguka peke yake. Refa akasimamisha mechi, waganga wakaingia mbio. Kumbe kati ya watazamaji alikuwemo daktari wa moyo, Andrew Deaner, aliyekuja kuishangilia Tottenham. Akaomba kupita, wakampisha, akashuka uwanjani kusaidia. Walimkandamiza kifua bila kuacha na kumshtua kwa mashine ya umeme mara 15, uwanjani mpaka hospitali. Moyo ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Muamba akapona! Mpira aliuacha mwaka huohuo, lakini watoto wake wana baba.

Hapo ndipo tunapotaka kufika. Katika watazamaji wa kwetu pia wamo wauguzi na wahudumu wa afya. Lakini mtu akianguka tunafanya nini? Tunajazana kumzunguka, mmoja anamwaga maji, mwingine anamwinua akae, kila mtu anapiga kelele. Anayejua kazi hapati njia.

Basi tukubaliane hivi:

1. Refa apige filimbi, mechi isimame. Watazamaji warudi nyuma, na mmoja aulize kwa sauti: "Kuna muganga hapa?"

2. Mtu mmoja apige simu na mwingine akimbilie zahanati. Msitegeane.

3. Mwiteni aliyeanguka, mtikiseni bega. Haitiki na hapumui? Au anavuta pumzi mojamoja kama anakoroma? Huko siyo kupumua. Anzeni.

4. Mlazeni chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono iwe imenyooka. Kandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kwa mtu mzima kifua kizame sentimita 5 hivi, kisha kiache kinyanyuke. Ukichoka, mwenzako apokee bila kuchelewa, mpaka muganga afike au mtu aanze kupumua.

5. Akiwa na degedege, msimshike kwa nguvu wala kumtia kijiko mdomoni. Ondoeni vitu vya kumuumiza. Likiisha, angalieni kama anapumua: akipumua mlazeni ubavu, asipopumua rudini namba 4.

Hatuwadanganyi. Kukandamiza kifua hakumwokoi kila mtu, na mashine ile haiko kila mahali. Lakini mtu ambaye moyo umesimama, tukimwangalia tu, anakufa. Kazi ya mikono ni kusukuma damu ifike kwenye ubongo mpaka msaada uje.

Wazazi, kuna dalili za kuangalia kabla ya mechi. Mtoto anayezimia akikimbia, au anayeshikwa na maumivu ya kifua akicheza, asiitwe mvivu. Apumzishwe, apelekwe kwa daktari. Kama katika ukoo kuna kijana aliyekufa ghafla, mwambieni daktari habari hiyo pia. Vijana, msifiche kwa kuogopa kutolewa kwenye timu. Eriksen alitibiwa, akarudi uwanjani mwaka 2022, na kwenye kombe la Ulaya la 2024 akafunga goli.

Tunaomba kila timu ichague watu wawili wakafundishwe na wahudumu wa afya namna ya kukandamiza kifua, kwa sababu kusoma peke yake hakutoshi. Nahodha awatangaze kabla ya mechi, ili siku ya shida tuwajue na tuwapishe njia.

Tukutane mwezi ujao. Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.