DAFTARI LA AMI: TUSIZUIWE KULA MADUKANI

Muhula uliopita chama chetu kilifanya mjadala wenye mada, "Wanafunzi wa kutwa wazuiwe kula chakula cha madukani." Waliounga mkono walishinda. Mimi nilikuwa upande wa wapinzani, na naungama kuwa sikutetea vizuri, kwani jambo kubwa lililokuwa moyoni mwangu niliona haya kulisema. Leo nitalisema.

Kuna duka moja huko Kibokoni ambalo wengi wetu twalijua. Upande mmoja kuna magunia ya mchele, dengu, unga na ukwaju. Upande wa pili, ndani ya kabati la kioo, kuna viazi vya karai, bajia, sambusa na mahamri. Hakuna viti. Wasimama barazani, wapewa sahani yako, wasema, "Ami, niongeze chatini," wala, kisha mbio darasani.

Wenzetu walitoa hoja tatu. Kwanza, walisema chakula hicho huleta maradhi. Hoja hii siipuuzi. Wazee wetu wangali wakikumbuka kipindupindu cha wakati wa mvua za El Niño, mwaka wa 1997 na 1998. Lakini jamani, dawa ya uchafu ni usafi, sio kufungiana geti! Sheria yataka mwenye kuuza chakula apimwe afya na awe na cheti. Basi tuulize cheti, tutazame maji ya kunawa, tutazame kama chatini imefunikwa. Tena kiazi kilichotolewa karaini sasa hivi kina usalama kuliko wali uliopikwa alfajiri ukashinda mkobani hadi saa saba.

Pili, walisema tunachelewa vipindi vya alasiri. Ni kweli. Hata mimi nimewahi kuokotezwa takataka uwanjani kwa kosa hilo. Lakini lilikuwa kosa langu, si la kiazi.

Hoja ya tatu ndiyo iliyoniudhi. Msemaji mmoja alisimama akasema, "Mwacha mila ni mtumwa! Bajia ni za Wahindi, tule vyakula vyetu." Ukumbi mzima ukampigia makofi. Hebu tukichunguze hicho kiazi cha karai. Kiazi asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Pilipili nayo ilitoka Amerika, ikavuka bahari baada ya safari ya Columbus ya 1492. Unga wa dengu na karai lenyewe tulivipata kwa Wahindi. Je, ukwaju? Waarabu waliuita tende ya Hindi, kumbe mkwaju ni mti wa asili ya Afrika! Sasa tutoe kipi, tubakishe kipi? Tukikifukuza kila kilichokuja kwa chombo, basi hata muhogo na mahindi ya sima itabidi tuviage, kwa sababu navyo vilitoka Amerika.

Jumamosi moja nilimkuta dukani baharia Mfilipino ambaye meli yake ilikuwa imefunga gati Kilindini. Alikuja kununua mchele na siki. Alipouona ukwaju alicheka kama aliyeonana na nduguye. Akatueleza kwamba kwao hupika supu ya samaki kwa ukwaju, waiita sinigang. Ami akampa kiazi kimoja aonje. Alikula vitatu, na vyote akavilipia. Katika somo la historia twasoma kwamba Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka wa 1593. Mfalme wa Ureno wakati huo ndiye yule yule Felipe wa Uhispania ambaye visiwa vya Ufilipino vimepewa jina lake. Felipe alileta mizinga, huyu baharia alileta habari za supu. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa nalisema lile nililolionea haya. Ami ana daftari. Mama huchukua unga, sukari na mafuta, na katika ukurasa huo huo huandikwa chakula changu cha mchana: viazi vinne, chai moja. Mama hulipa mwisho wa mwezi. Mwaka jana alikaa miezi miwili bila kazi. Nikaacha kwenda dukani, nikawa nashinda maktaba nikijifanya nasoma. Siku ya nne Ami aliniona njiani akaniita. "Mwanangu, mbona huji? Deni ni langu na mamako. Wewe njoo ule, ukasome." Nilikula. Deni nalo lililipwa lote, kidogo kidogo.

Geti likifungwa saa saba, wenye pesa mkononi watanunua chakula humu ndani, na waliofungiwa chakula nyumbani watakula. Sisi wa daftari je, tutakwenda wapi?

Pendekezo langu ni hili. Tutoke kwa zamu, dakika thelathini, tena kwa maduka yenye cheti tu. Mwenye kuchelewa aadhibiwe yeye, sio shule nzima. Nanyi wenzangu, mkimwona mtu akiandikiwa daftarini, msimcheke.

Naomba viongozi wa chama wairudishe mada hii muhula ujao. Nitasimama tena, na safari hii sitaona haya.