NANI MWENYE FUNGUO ZA UWANJA WA NDEGE?



Tarehe 8 Juni, 2006, wageni wawili kutoka Armenia, waliojulikana kote nchini kama ndugu wawili Artur, walisimama katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na kuwatolea bastola maafisa wa forodha waliotaka kukagua mizigo. Maafisa wale walikuwa wakitimiza kazi waliyoapa kuifanya. Kesho yake wageni hao walipakiwa katika ndege na kufukuzwa nchini kabla ya mahakama yoyote kuwauliza hata swali moja. Ilibainika kwamba walikuwa na pasi za kuwafikisha sehemu za uwanja ambazo mimi na wewe, na hata Askofu, hatuthubutu kukanyaga.

Tume iliyoongozwa na Shadrack Kiruki, aliyewahi kuwa Kamishna wa Polisi, iliundwa kuchunguza aibu hiyo. Ilisikiliza mashahidi, ikaandika ripoti, ikaikabidhi kwa Rais. Serikali ya wakati ule haikuitoa hadharani. Fedha za umma zilitumika kuitafuta kweli, kisha kweli ikawekwa kabatini.

Twaulizwa: haya yawahusu nini wapigania demokrasia? Si ni kazi ya marubani na wahandisi? Tunajibu kwamba yanatuhusu sana, na mfano wetu tunautoa Italia.

Wataalamu wa usafiri wa angani wanaogopa jambo moja pengine kuliko dhoruba: ndege, gari, mtu au mnyama kuingia katika njia ya kurukia bila idhini ya mnara wa uongozaji. Tarehe 8 Oktoba, 2001, katika uwanja wa Linate mjini Milan, ukungu ulikuwa mzito. Ndege ndogo ilipotea njia ikiwa chini, ikakatiza mbele ya ndege kubwa ya abiria iliyokuwa imeanza mbio za kuruka. Waliokufa ni watu 118, wakiwamo wafanyakazi wa mizigo waliokuwa ndani ya jengo ambalo ndege ile iliishia kuligonga. Wachunguzi hawakumlaumu rubani mmoja na kwenda zao. Waligundua kwamba rada ya kuonyesha ndege zilizo ardhini haikuwako: ya zamani ilikuwa imeondolewa, na mpya haijaanza kutumika. Alama za barabara za ndani hazikulingana na kanuni. Ripoti ilichapishwa, na wakubwa wakafikishwa mahakamani pamoja na wadogo. Kwa sababu ripoti hiyo ilisomwa, viwanja vingine vilijifunza.

Hilo ndilo tunalolidai Kenya. Ajali ya namna ile haianzi siku ya ukungu. Huanza miezi au miaka kabla, taa inapozimika na asitokee mtu wa kuuliza kwa nini haijatengenezwa. Uwanja wetu mkuu una njia moja tu ya kurukia, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4. Ndege zote za abiria na za mizigo huitegemea hiyo hiyo. Mahali kama hapo, siri ni hatari kuliko ukungu wenyewe.

Tazameni yaliyotufika. Alfajiri ya Agosti 7, 2013, ukumbi wa abiria wanaowasili kutoka nchi za nje uliteketea kwa moto. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1978, likakadiriwa kuhudumia abiria milioni 2.5 kwa mwaka. Siku lilipoungua uwanja ulikuwa ukipokea zaidi ya milioni 6. Kwa neema ya Mungu hakufa mtu. Lakini kabla majivu hayajapoa, polisi kadhaa walikamatwa kwa kushukiwa kupora mali humo humo walimopelekwa kulinda. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika nchi nzima, abiria walikaa gizani kwa kuwa jenereta za akiba ziliwaangusha. Mkurugenzi alifutwa kazi, na Desemba ya mwaka uo huo giza likarudi.

Yupo pia mmoja ambaye hatuwezi kumsahau. Tarehe 30 Juni, 2019, ndege iliyotoka Nairobi ilikuwa ikikaribia kutua London, na ilipofungua magurudumu, mwili wa mwanamume ukaanguka katika bustani ya nyumba ya watu mtaani Clapham. Ndani ya tundu la magurudumu mlikutwa begi, maji na chakula. Alizikwa huko huko mwaka 2020, bila jina. Mtoto wa mama fulani alivuka ua, akapita walinzi, akafika chini ya ndege, na hadi leo wananchi hawajaelezwa alipitaje. Angekuwa amebeba bomu badala ya chakula, tungeambiwa nini?

Waumini wanaijua habari ya mlinzi wa Ezekieli na tarumbeta yake. Nchini mwetu anayeipiga ndiye anayeadhibiwa. David Munyakei alifichua wizi wa Goldenberg mwaka 1993, wakati serikali ilipokuwa ikilipa fidia kwa dhahabu iliyodaiwa kuuzwa nje na ambayo haikuwapo. Malipo yake yalikuwa kukamatwa na kupoteza kazi. Miaka 31 baadaye, Julai 2024, ilibidi tena raia mmoja avujishe karatasi ndipo Wakenya wajue kwamba kulikuwa na mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uwanja huu kwa miaka 30. Ndani ya mpango huo mlikuwa na njia ya pili ya kurukia, ile ile tunayoihitaji! Mbona jambo jema lifichwe? Wafanyakazi waligoma Septemba 11, Mahakama Kuu ilikuwa imeshausimamisha, na Novemba 21 Rais akaufuta, siku moja baada ya mwenye kampuni kufunguliwa mashtaka Marekani. Nairobi iliisikia Marekani upesi kuliko ilivyowasikia watu wake.

Watasema mambo ya usalama ni siri. Tunakubali kwamba mahali zilipofichwa kamera ni siri. Lakini jina la aliyetia sahihi pasi za akina Artur ni siri ya nani? Hapo hakuna adui anayefichwa jambo, isipokuwa mwananchi.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya 2016 inaitaka ofisi inayoombwa itoe uamuzi ndani ya siku 21. Basi tunaomba kila parokia, kila kikundi cha akina mama na cha vijana kiandike barua kudai mambo matatu: ripoti ya Tume ya Kiruki, ripoti za uchunguzi wa moto wa 2013, na orodha ya kila mwaka ya matukio ya kuingia bila idhini katika njia za kurukia za viwanja vyetu vyote. Andikeni kwa Kiswahili mkipenda. Wekeni tarehe, tieni sahihi nyingi kadiri mwezavyo, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, nakala hiyo ipelekeni kwa Tume ya Haki ya Utawala, na nyingine mtuletee sisi.