Machweo Yana Siasa

Nimechoka kusikia kwamba picha ya mandhari ni pambo la sebuleni tu. Wahakiki wetu wakimtaja mchoraji Tshibumba Kanda Matulu huvua kofia, kwa kuwa alichora Lumumba na historia ya Kongo. Wakifika kwa mchoraji wa mto, michikichi na jua linalozama, wanasema kawaiga Waromantiki wa Ulaya, tena vibaya. Baadhi ya makala mlizotuma kwa toleo hili zinarudia hayo hayo. Nimezichapisha, kukubali ni jambo lingine.

Hao Waromantiki wenyewe hawasomwi vizuri. Mwaka 1814 Caspar David Friedrich alichora askari mmoja wa Kifaransa, peke yake, kamezwa na msitu wa Ujerumani wenye theluji. Hakuna risasi inayolia, lakini aliyepitia vita vya Napoleon alijua miti ile ilikuwa upande wa nani. Turner naye, mwaka 1840, aliwaweka watumwa waliotoswa baharini chini ya machweo yanayowaka. Machweo hayo hayana siasa?

Sasa tuje kwetu. Hapa Kindu reli ya kutoka kusini inafikia ukingoni mwa mto, na mzigo wa kwenda Ubundu unahamia majini. Mto Lualaba ni kazi na jasho. Lakini tazama picha zilizotundikwa majumbani: hakuna behewa, bandari, askari wala mtoza kodi. Mnadhani mchoraji alisahau? Miaka ya 1970 picha za namna hii zilishamiri katika miji ya migodi ya Katanga, zikachorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga, zikanunuliwa na wafanyakazi waliokulia mbali na vijiji vya wazee wao. Ziliuzwa pamoja na zile za koloni la Mbelgiji, ambamo mfungwa anachapwa fimbo, na mara nyingi mchoraji alikuwa huyo huyo. Anayemchora bosi na mjeledi wake leo, kisha kesho akachora kijiji kisicho na bosi, ametoa hukumu ile ile mara mbili.

Makala kuhusu mchoraji Pilipili Mulongoy na karakana ya uchoraji aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés huko Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1946 ni nzuri; isomeni. Ile ya Hifadhi ya Lomami imeingia kwa ajili ya picha zake.

Anayeona nimezidisha chumvi, aandike. Na mwenye picha ya zamani ya mandhari, awe Kasuku, Mikelenge au Alunguli hapa Kindu, atuletee tuipige picha kabla unyevu haujaimaliza.