Mita ya umeme haihesabu kuni
Viwanda vya chai vya wakulima wadogo nchini Kenya vimepiga hatua ya kupongezwa. Mtambo wa maji wa Mto Gura, Nyeri, wenye uwezo wa takriban megawati 5.8, huvipatia umeme baadhi yavyo, na mita za kidijitali zinaweza kuonyesha mashine ipi inakula umeme kupita kiasi.

Lakini nishati nyingi ya kiwanda cha chai si umeme. Ni joto la kunyausha na kukausha majani, nalo hutoka kwenye boila zinazochoma kuni. Kuni mbichi ndizo mbaya zaidi: joto hupotea kwa kuchemsha maji yaliyomo, na miti zaidi hukatwa. Umeme wa Kenya tayari hutoka kwa wingi kwenye jotoardhi, maji na upepo, kwa hiyo kampuni inayojivunia kupunguza bili ya umeme pekee bado haijagusa moshi wake.

Kanuni za usimamizi wa nishati zinawataka watumiaji wakubwa wa nishati wakaguliwe mara kwa mara. Tunataka ukaguzi huo uhesabu kila tani ya kuni, unyevu wake na shamba ilikotoka, na wakulima, ambao ndio wenye viwanda, wasomewe matokeo.