Chombo cha Fundi Kipimwe, Kisipuuzwe

Aliyezaliwa Chwaka au Jambiani anaijua adha ya maji kupwa. Bahari hukimbia mbali, mashua zikabaki zimelala ubavu mchangani. Kwa ndugu zetu wa visiwa vidogo visivyo na barabara ya kuwafikisha hospitali, adha hiyo si ya kungoja samaki tu. Mgonjwa, au mama mwenye uchungu wa uzazi, hungoja maji yajae, ama hubebwa na watu wanaozama matopeni.

Kipo chombo kisichojali maji kupwa wala kujaa, nacho ni hovakrafti. Feni yake husukuma hewa chini ya sakafu, sketi ya turubai gumu ikaizuia hewa hiyo isitoroke upesi, na chombo kikanyanyuka. Feni nyingine hukisukuma mbele. Chombo chenye uzito wa kilo 400 na sakafu ya mita 4 za mraba kinahitaji msukumo wa kilo 100 tu kwa kila mita ya mraba, nao ni mdogo mno kuliko ule wa unyayo wa mtu aliyesimama. Ndiyo maana hupita juu ya tope linalommeza mtu.

Tusidhani kwamba chombo hiki kilianzia katika viwanda vikubwa. Mwaka 1955 Mwingereza Christopher Cockerell, mhandisi aliyekuwa akiunda mashua, alichukua makopo mawili matupu, akalitia moja ndani ya jingine, akapuliza hewa baina yake, na akapima nguvu yake kwa mizani ya jikoni. Alipobisha hodi serikalini, kwa masimulizi yake mwenyewe, wanamaji walimwambia hiyo ni ndege, wanaanga wakasema ni mashua, na jeshi la nchi kavu halikuitaka kabisa. Hatimaye shirika moja la umma lilimpa fedha, na tarehe 25 Julai 1959 chombo chake kilivuka bahari kutoka Calais, Ufaransa, hadi Dover, Uingereza.

Chombo hicho kiliundwa katika kisiwa cha Wight, na wenyeji wa kisiwa hicho ndio wanaofaidi matunda yake hadi leo. Mji wao wa Ryde nao una ufuko ambao bahari huuacha mtupu maji yakipwa, hata ikabidi wajenge gati refu kuyafuata maji. Tangu mwaka 1965 hovakrafti huwavusha abiria kutoka hapo hadi Southsea kwa muda wa kiasi cha dakika kumi.

Basi akitokea kijana wetu na mbao zake, injini ya petroli na feni aliyoichonga kwa mkono, je, tutampokeaje? Tunachelea kwamba ataambiwa njoo kesho, kisha atatumwa ofisi ya pili, na ya tatu, kila meza ikidai jambo hilo si lake. Au atakamatwa kwa kutokuwa na kibali ambacho hakuna aliyemweleza namna ya kukipata. Huo si ulinzi wa umma, ni urasimu. Tunawasihi watendaji wateue mlango mmoja wa kumpokea mbunifu, mkaguzi wa kumwelekeza, na ufuko wa kumfanyia majaribio.

Nao mafundi wasituelewe vibaya. Hatusahau msiba wa MV Spice Islander mwaka 2011, wala ule wa MV Skagit mwaka 2012. Bahari haina mzaha. Hovakrafti hupeperushwa na upepo, haina breki, hula mafuta mengi, na matumbawe huweza kuichana sketi yake. Feni isiyofunikwa kwa wavu hukata mkono. Kwa hiyo fundi aanze peke yake, maji yakiwa matulivu, amevaa boya, na mashua ya uokozi ikiwa karibu. Abiria asipande kabla mkaguzi hajaridhika.

Hatusemi kwamba kila chombo kitakachoundwa uani kitafaa. Vingi huenda visifae. Lakini kisichofaa kikataliwe baada ya kupimwa ufukoni, si kabla ya kutazamwa. Mgonjwa anayengoja maji yajae hana nafasi ya kungoja pia ofisi zikubaliane.