Haki ya Jirani ni Kazi ya Kanisa Pia

Wakulima wenzangu, katika skimu zetu za makazi hakuna mkutano unaohudhuriwa kama ibada ya Jumapili. Mkutano mkuu wa chama cha ushirika huitwa mara moja kwa mwaka, na hata hivyo viti vingi hubaki vitupu. Baraza la chifu huitwa pakiwa na jambo. Lakini Wakristo wa Likoni, Kisauni na Changamwe hukutana kila juma, mvua inyeshe isinyeshe, baba, mama na watoto pamoja. Kanisa lina orodha ya majina ya watu wake. Lina karani na mtunza hazina. Lina wazee wanaosikilizwa. Na mara nyingi lina kiwanja chake. Yafaa tuulize mali hiyo yote hufanya kazi gani katika zile siku sita zinazobaki.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo niliyesomea ualimu, wala si mhubiri. Maoni yangu ni haya: kanisa likitaka kusimamia haki ya watu, na haki ya ardhi wanayoilima, lianze kwa kujua na kuandika mambo yanayowapata majirani zake. Sala ina mahali pake, na mahubiri yana mahali pake. Lakini mnyonge akifika mbele ya afisa au hakimu huulizwa tarehe, mahali, mashahidi na karatasi. Asiyekuwa navyo hurudi nyumbani mikono mitupu, hata kama haki ni yake.

Jambo hili si geni kwa wasomaji wa Biblia. Wanamkumbuka Nabothi, mkulima aliyenyang'anywa shamba lake la mizabibu na kuuawa, kwa barua zenye muhuri wa mfalme na kwa mashahidi wa uongo. Wanakumbuka pia kwamba sheria ya Musa iliagiza shamba lipumzishwe kila mwaka wa saba, na kwamba mvunaji asivune mpaka pembeni, ili maskini na mgeni wapate cha kuokota. Sheria hizo waliandikiwa watu wenye majembe, nazo ziliweka pamoja haki ya udongo na haki ya maskini.

KENGELE YA FRERETOWN

Hapa kwetu pia tuna mifano. Tuanze na Kisauni. Mwaka 1875 misheni ya CMS ilinunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ikawa makazi ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Mahali hapo pakaitwa Freretown, kwa jina la Sir Bartle Frere. Kengele ilitundikwa ili kuwaonya watu hatari ikitokea, maana waliokuwa na watumwa waliweza kuja kuwashambulia. Kengele hiyo ingalipo pale njia panda, karibu na Kongowea, na magari hupita kando yake kila siku.

Huko Rabai, ambako si mbali, kazi ilikuwa ngumu zaidi. Watumwa waliotoroka mashambani walikimbilia misheni, na sheria ya wakati ule ilikuwa upande wa mabwana zao. Kasisi William Jones, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa na akasomeshwa Bara Hindi, aliwapokea. Hatimaye, tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa aliwalipa mabwana hao fidia, na watu zaidi ya 1,000 wakapewa hati za uhuru wao. Mtu aweza kuuliza kwa nini fidia alipewa bwana wala si mtumwa, na swali hilo ni la haki. Lakini tuangalie mpango wa mambo yenyewe. Kwanza watu wale walihitaji mlango uliofunguliwa. Halafu wakahitaji karatasi yenye majina yao. Bila ya karatasi ile wangekaa miaka na miaka kama wakimbizi.

RISASI YA OWINO UHURU

Sasa twende upande wa pili, Changamwe na Jomvu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, chenye watu wapatao 3,000, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Moshi ulitua juu ya mapaa ya mabati, na maji machafu yalipita katikati ya nyumba. Phyllis Omido, mama aliyekuwa ameajiriwa katika kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi mwilini. Akaanza kuwauliza majirani, akaomba watoto wengine wapimwe damu, akaandika barua kwa idara moja baada ya nyingine. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman, inayotolewa kwa watetezi wa mazingira.

Mkulima yafaa aifahamu risasi. Haiozi kama majani, wala haitoweki kama harufu. Ikiingia udongoni hukaa humo miaka mingi. Mchicha hubeba vumbi lake, kuku huidona, mtoto anayetambaa hutia mkono mdomoni. Mwilini mwa mtoto huharibu ubongo, na wataalamu wa afya wamesema kwamba hakuna kipimo cha risasi, hata kiwe kidogo namna gani, kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Wenyeji walifungua kesi mwaka 2016. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na lawama ikagawanywa kati ya kiwanda na idara za serikali. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo, na mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni miaka wenyewe. Katika safari hiyo yote, kilichowasaidia wanyonge ni vipimo vya damu, vipimo vya udongo, na barua zenye tarehe.

Nasema hivi kwa sababu ugonjwa kama huo huingia nyumba moja moja. Mama huyu hudhani ni homa ya mtoto wake tu. Mama yule hudhani ni tumbo la kawaida. Ni nani awaonaye watoto wote pamoja? Ni mwalimu wa darasani, na mwalimu wa shule ya Jumapili. Umoja wa akina mama nao huzunguka nyumba kwa nyumba kuwatazama wagonjwa. Wangeandika walichokiona, tarehe na mahali, kanisa lingejua mapema kuliko ofisi yoyote kwamba jambo baya linatokea upande fulani wa kijiji. Hiyo ingekuwa kengele ya Freretown ya siku hizi.

LIKONI MWAKA 1997

Likoni inatufundisha jambo jingine. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 watu wenye silaha walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, kisha wakawashambulia watu waliotoka bara. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na maelfu wakakimbilia kiwanja cha Kanisa Katoliki la Likoni. Wanasiasa walikuwa na mkono wao katika uovu ule, wala hakuna awezaye kuutetea. Lakini chini yake palikuwa na malalamiko ya zamani ya wenyeji waliozaliwa juu ya ardhi wasiyokuwa na hati yake, na uchungu wao ukatumiwa na watu wabaya.

Kanisa lilifanya vyema kufungua lango. Hata hivyo, ardhi ilikuwa imenung'unikiwa kwa miaka mingi kabla ya usiku ule. Makanisa yaliyojaa watu wa bara yangeketi na wazee wa pwani na maimamu, wakasikiliza ni nani aliye maskwota na kwa sababu gani, huenda uchungu ule usingepata kuni za kuwakia. Sisi wa skimu za makazi tuna sababu ya kulifikiri jambo hili. Mtu aliyepewa shamba hapa, naye jirani yake aliyezaliwa hapa hana, asidhani kwamba hati yake peke yake itamlinda. Kinachomlinda ni jirani aliyetendewa haki.

WANAOPINGA

Wako wasemao kwamba kanisa likishika mambo haya litaingia siasa. Siasa ya kumwambia muumini ampigie nani kura ni jambo moja, na kanisa liiache. Kuandika kwamba kisima kimebadilika rangi tangu mwezi wa Machi ni jambo jingine kabisa. Tena Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 humruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa ajili ya haki hiyo, hata kama yeye mwenyewe hajaumia. Kuitumia sheria ya nchi si uasi.

Wengine husema: viwanda vinatupa kazi, tukivilalamikia vijana wetu watakula nini? Hoja hii si ya kudharauliwa, maana mzee mwenye ekari chache na watoto wanane ajua thamani ya mshahara. Lakini mshahara unaorudi hospitalini kumtibu mtoto wa mfanyakazi mwenyewe si faida. Wakati mzuri wa kusema ni kabla kiwanda hakijajengwa. Sheria inataka wenyeji waulizwe maoni yao kabla ya mradi mkubwa kupewa kibali cha NEMA. Mara nyingi tangazo hubandikwa, hakuna alisomaye, na mkutano huhudhuriwa na watu kumi.

MAMBO MATANO YA KUANZIA

Kwanza, kanisa lijitazame lenyewe. Muumini anayewalipa vibarua wake wa palizi nusu ya walichoahidiwa, au anayeosha pampu ya dawa katika kijito wanakoteka maji majirani, asitangulie kumnyoshea kidole mwenye kiwanda. Wazee wamwonye kwanza huyu aliye karibu.

Pili, pawe na daftari. Liandikwe tarehe, mahali, jambo lililoonekana, na jina la aliyeliona: samaki waliokufa mkondoni, mikoko iliyokatwa, harufu ngeni, mtoto wa tatu kuugua katika mtaa mmoja. Lisiwe daftari la umbeya, na mtu asishtakiwe humo kabla ya jambo kuchunguzwa. Barua ikiandikwa kwenda ofisini, nakala ibaki kanisani.

Tatu, wajane na yatima wasaidiwe karatasi. Shamba la skimu mara nyingi limeandikwa jina la mume. Akifa, siku arobaini hazijaisha, jamaa huja na mnunuzi. Kanisa lichague watu wawili wenye kusoma vizuri, wamsaidie mjane kukusanya cheti cha kifo, barua ya kupewa shamba, risiti za malipo na barua ya chifu, kisha wafuatane naye mpaka mahakamani kwa ajili ya mirathi. Unga na sukari za matanga ni msaada wa juma moja. Karatasi hizi ni msaada wa maisha.

Nne, kiwanja cha kanisa kiwe shamba la mfano. Kipandwe miti, kichimbwe mitaro ya kuzuia mmomonyoko, maji ya paa yaingie tangini. Asiseme mtu kwamba udongo wetu ni mawe. Mwaka 1971, pale Bamburi, René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya saruji ambayo hayakuwa na udongo wowote. Alijaribu aina 26, zikashika 3 tu; lakini mivinje ikasitawi, na majongoo wakala majani yake makavu wakayageuza kuwa udongo. Leo pale ni msitu.

Tano, matangazo ya miradi yasomwe kanisani. Baada ya kutangaza arusi na michango, karani asome pia ni kiwanda gani au machimbo gani yanaombewa kibali, na mkutano wa maoni utakuwa lini. Habari hizo apelekewe na imamu wa jirani, maana moshi hauulizi mtu ni wa dini gani, na wenzetu Waislamu walikuwa hapa pwani kabla ya makanisa yetu mengi. Barua yenye sahihi za msikiti na kanisa pamoja huwekwa juu ya meza, haitupwi chini yake.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Jumapili ijayo, baada ya matangazo, mzee mmoja na asimame aulize swali hili: katika mtaa wetu, ni nani aliyeonewa mwaka huu, na ni kisima gani, kijito gani au mtoto gani aliyebadilika? Kisha karani wa kanisa afungue daftari jipya, aandike tarehe juu ya ukurasa wa kwanza, na waliopo waanze kusema mmoja mmoja.