Kujiamini hakutoki mfukoni

Je, msomaji, umewahi kumwona kijana aliyesoma, mwenye vyeti vyake vyote, akikaa barazani Kibokoni tangu asubuhi hadi muuza kahawa apite jioni? Usiharakishe kumwita mvivu. Huenda amebisha hodi katika afisi zote za Barabara ya Nkrumah mpaka akachoka, na sasa anaona haya hata kusalimia watu. Kilichomwishia si nguvu, ni kujiamini.

Mizigo ya bandarini ilipoanza kubebwa na reli mpya mwaka 2018, watu wengi wa malori na maghala hapa Mombasa walilalamika kuwa riziki yao imekatika. Riziki ikikatika, mtu hujiona naye hana thamani tena. Usingizi humpaa, chakula hakimpiti kooni, na wengine hukimbilia dawa za kulevya.

Kosa letu ni kumpima mtu kwa mshahara. Na hapa Mji wa Kale tuna kipimo kingine cha tangu zamani: "Wewe mtoto wa nani?" Mwenye ukoo mkubwa huvimba kichwa, asiye nao husinyaa.

Wanazuoni wa Kiyahudi walilifikiria jambo hili kitambo. Katika Mishna, mkusanyiko wa mafundisho yao uliokamilika yapata mwaka 200, walieleza kuwa Mungu alianza na mtu mmoja tu, ili asitokee wa kumtambia mwenziwe kuwa baba yake ni bora. Kwa hiyo kila mmoja ana haki ya kusema kuwa dunia iliumbwa kwa ajili yake. Mwislamu na Mkristo wa kisiwani hapa hawatashangaa, kwani nao humtaja Adamu huyo huyo.

Lakini kujiamini si kujigamba. Husimuliwa kuwa Rabi Simcha Bunim wa Poland, aliyefariki mwaka 1827 na ambaye aliwahi kuwa mfamasia, alimshauri kila mtu awe na karatasi mbili mifukoni. Moja ya kumkumbusha kuwa ulimwengu uliumbwa kwa ajili yake, nyingine kuwa yeye ni vumbi na jivu. Ukivunjika moyo, soma ya kwanza. Ukijivuna, soma ya pili. Mfamasia alijua kuwa dawa ni kipimo.

Nawe fanya hivi. Kila asubuhi baada ya sala jikumbushe kuwa thamani yako umepewa na Muumba, wala hakuna mwajiri awezaye kuifuta. Kisha tenda jambo moja dogo unaloliogopa: peleka barua ya kazi, au muulize daktari lile swali ulilolificha. Imani isiyokutoa barazani haijakufaa.

Hata hivyo, imani haichukui nafasi ya tiba. Ikiwa huzuni imezidi majuma mawili, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usingoje Ijumaa wala Jumapili. Nenda hospitali leo. Dua na dawa hazigombani.

Na sisi majirani tuna wajibu wetu. Ukimpita kijana yule kesho, usimuulize, "Bado hujapata kazi?" Keti kando yake, mwagizie kahawa, umuulize hali yake. Wahenga walisema mtu ni utu. Hawakutaja mshahara.